UZI: Wanafunzi 23 wameandika kwamba Harpagon ni baba mwema. Nani amekosea?

MwalimuKatuba · Jumanne, saa 2:40 usiku

Jioni njema ba ndugu. Nafundisha Kifaransa hapa Lubumbashi, wa tano na wa sita humanité, yaani sekondari. Juzi umeme ulikatika nikawa nasahihisha kopi kwa taa ya simu, na kabla sijafika katikati ya rundo nikaanza kucheka peke yangu hadi mke wangu akatoka chumbani kuuliza kama kuna msiba.

Swali lilikuwa la kila mwaka: eleza tabia ya Harpagon katika L'Avare (Bahili), tamthilia ya Mfaransa Molière, utoe mifano miwili kutoka ndani ya tamthilia. Darasa lina watoto 51. Kati yao 23 wameandika hivi, kila mmoja kwa maneno yake: Harpagon ni bahili, ni kweli, ila kwa binti yake Élise ni baba mwenye huruma, maana anamwoza «sans dot», bila kudai mahari. Mmoja ameongeza kwamba wazazi wa Katuba, mtaa wetu, wangemwiga huyo mzee, vijana wasingebaki kukaa na wachumba miaka kumi bila ndoa.

Nilianza kupiga sifuri kwa wino mwekundu. Kufika kopi ya tano mkono ukasimama. Hawa watoto hawakunakiliana, wengine wanakaa pande mbili za darasa. Wamesoma lile onyesho lenyewe, si rezime (muhtasari) ya kununua. Wameelewa kila neno. Walichokosea ni kimoja tu: pesa inatoka kwa nani kwenda kwa nani.

Kwa wasioijua: tamthilia ilichezwa mara ya kwanza Paris tarehe 9 Septemba 1668, na Molière mwenyewe ndiye aliyecheza Harpagon. Katika Ufaransa ya wakati ule, «dot» ilikuwa mali anayotoa baba wa msichana kumpa mkwe wake. Kinyume chetu kabisa! Kwa hiyo bwana Anselme anaposema atamchukua Élise bila dot, Harpagon haachi kupokea. Anaponea kutoa. Anamuuza mtoto kwa mzee ambaye msichana hamtaki, kwa sababu mzee huyo ni mkwe wa bure.

Sasa niambieni. Hizi kopi nazipa pwenti ngapi?

---

Yaya_wa_Kenya · saa 2:58 usiku

Prof, mi naona batoto habana makosa. Hapa kwetu papa mwenye kusema «sitake kitu, mupendane tu» bantu banamusifu mpaka mu kanisa. Dada yangu, balimutolea bwana yake faktire ya mahari, kurasa tatu: mbuzi, koti ya papa, bitenge bya mama na ba mama wadogo, chumvi mufuko, na taa ya mafuta. Taa ya mafuta, mu mwaka huu! Shemeji alizunguka soko yote ya Kenya kuitafuta. Sasa mutoto wa hii commune asome «sans dot» afikirie nini?

(Kenya ni commune yetu ya Lubumbashi, ba ndugu wa Nairobi musianze.)

---

Ujiji_Pwani · saa 3:05 usiku

Mimi niko Kigoma, napita tu. Nimesoma mistari mitano ya kwanza nikidhani mnazungumzia doti ya khanga. Nikajiuliza, bahili gani huyu anaoza binti bila hata doti moja ya khanga, kweli ana roho ngumu 😂

Lakini nimependa. Sisi shuleni tulikuwa na Mabepari wa Venisi, ile tamthilia ya Shakespeare aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere mwaka 1969. Shailoki binti yake anapotoroka na mali, inasimuliwa kwamba alipita barabarani akilia binti yangu, dukati zangu, binti yangu, yaani vimechanganyika. Huyu wenu naye ana binti na ana pesa. Analia nini?

---

MwalimuKatuba · saa 3:31 usiku

@Ujiji_Pwani swali lako ni zuri kuliko langu. Harpagon hachanganyi. Mwisho wa tendo la nne anagundua kasanduku kake ka pesa kameibwa, anaingia jukwaani anapiga kelele za mwizi, anakamata mkono, kumbe ni mkono wake mwenyewe. Anaita pesa yake rafiki yake mpendwa, anasema yeye mwenyewe amekufa, amezikwa. Katika usemi mzima ule, watoto wake hawapo kama watu wa kuliliwa. Binti anatajwa mara moja tu, katika orodha ya wale anaotaka wateswe mpaka waseme ukweli, pamoja na watumishi na mwana wa kiume. Na yeye mwenyewe anajiongeza kwenye orodha hiyo.

@Yaya_wa_Kenya ndiyo sababu mkono ulisimama. Na si desturi tu, ni sheria. Kanuni ya Familia ya nchi hii, ya mwaka 1987, kifungu cha 361, inasema wazi kwamba mchumba na jamaa yake wakubaliane na wazazi wa msichana juu ya mali au pesa za kutoa, na inaliita jambo hilo kwa neno lilelile: la dot. Mtoto anakutana na neno ambalo amelisikia kwenye kikao cha wajomba tangu ana miaka mitano. Hawezi kulitafuta kwenye kamusi. Nani anatafuta neno analolijua?

Maneno magumu hayatupotezi. «Fluxion», kile kikohozi cha Harpagon, kila mtu aliuliza ni nini. «Dot» hakuna aliyeuliza.

---

wa_tano_B · saa 3:40 usiku

Bonsoir Prof. Mimi ni mumoja wa bale 23 🙈 Niulize tena kitu kingine kabla ya kuandika corrigé (masahihisho). Ile «cassette» yenye balimwiba, si ni kaseti ya muziki? Papa yangu eko nazo mingi za Franco na anazificha sawa vile Harpagon, hapana mutu kuzigusa. Ndiyo nilifikiria eko anapenda muziki.

---

MwalimuKatuba · saa 3:44 usiku

Mwanangu, ni kasanduku. Kasanduku kenye eku 10,000 za dhahabu (sarafu za Ufaransa ya zamani), kamezikwa bustanini. Sasa nenda ulale. Na kaseti za papa usiziguse.

---

BukavuZiwani · saa 4:10 usiku

Nawasalimu kutoka Bukavu. Mimi nilifundisha kitabu hiki miaka sita kabla ya kuacha chaki na kuingia biashara, na nadhani mnaanzia mlango usiofaa. Kwa wanafunzi wetu mlango wa L'Avare ni tendo la pili, onyesho la kwanza. Mkopo.

Cléante, mwana wa Harpagon, anatafuta pesa za kukopa kwa siri, faranga 15,000. Dalali anamletea masharti ya mkopeshaji asiyejulikana. Mwanzoni mkopeshaji anaonekana mcha Mungu: anasema riba ndogo tu, asilimia tano na kitu, asije akabebesha dhamiri yake mzigo. Halafu: kwa bahati mbaya mwenyewe sina hizo pesa mkononi, itabidi nami nikope kwa mtu mwingine kwa asilimia ishirini, na si haki niumie kwa kukusaidia wewe, basi hiyo pia utailipa. Ukijumlisha imepita asilimia 25. Halafu: pesa taslimu nitatoa 12,000 tu, zile 3,000 zilizobaki utachukua vitu. Na orodha ya vitu inasomwa kimoja kimoja: kitanda, bunduki tatu za zamani, kinanda cha nyuzi chenye nyuzi zake zote «au karibu zote», na ngozi ya mjusi iliyojazwa majani makavu, ya kuning'iniza darini kama pambo.

Mkifika hapo, darasa la Bukavu halihitaji tanbihi. Nani hajui Banque Lambert? Hapo sisemi benki yoyote, nasema jina ambalo mitaani kwetu tunampa mama au papa wa jirani anayekopesha mia ukamrudishia mia na hamsini mwisho wa mwezi, na usipolipa anachukua televizyo. Nilipokuwa ninaanza duka nilipita mikononi mwa mmoja. Badala ya pesa yote alinipa sehemu kwa mifuko ya saruji iliyokwisha kushika maji. Saruji ngumu kama jiwe. Nikasimama na mifuko ile mlangoni nikacheka, maana nilikuwa nimemsoma mjusi yule mbele ya watoto miaka sita na sikuwahi kumwelewa.

Na kichekesho chenyewe: dalali anawakutanisha mkopaji na mkopeshaji, na ni baba na mwana. Baba alikuwa tayari kumla kijana asiyemjua, tena baada ya kuambiwa kwamba kijana ameahidi baba yake atakufa kabla ya miezi minane.

Kwa hiyo swali la mtihani «eleza tabia ya Harpagon» mimi nalikataa. Linamfanya mtoto aandike «bahili, mkali, mwenye shaka», vivumishi vitatu kama viazi kwenye mfuko. Bahili ni mtu anayeficha pesa bustanini. Huyu pia anakopesha kwa riba. Ni watu wawili ndani ya koti moja: mmoja anaogopa pesa isitoke, mwingine anaitoa ikawinde. Jina lenyewe linasema, limetoka kwenye neno la Kilatini la kulabu ya kuvutia merikebu.

---

Yaya_wa_Kenya · saa 4:22 usiku

Mujusi ya kujaza majani 😭😭 Mi nilipewa frigo yenye haikuwaka hata siku moja.

---

MzeeReli · Jumatano, saa 12:15 asubuhi

Habari za asubuhi watoto wangu. Mimi ni mstaafu wa reli, nilisoma kwa mapadri, nacho kitabu hiki tulikicheza jukwaani, nikiwa Maître Jacques, mpishi ambaye pia ni mwendesha gari. Akiambiwa jambo la jikoni anavaa aproni, akiambiwa la farasi anavua aproni anavaa kanzu ya udereva. Mshahara mmoja. Nilipoingia kazini baadaye niliwakuta akina Maître Jacques wengi.

Ila kuna mahali ambapo mpaka leo siwezi kucheka. Baba na mwana wanagombania msichana mmoja, Mariane. Baba anamwambia mwana: nakupa laana yangu. Mwana anajibu: sihitaji zawadi zako. Ukumbi wote wa wanafunzi ulicheka. Wazazi waliokaa nyuma walinyamaza kimya. Marehemu baba yangu aliniuliza njiani kurudi Kamalondo: na padri ameruhusu hayo?

Kwetu laana ya mzazi si neno la kurudishwa kama mpira. Mwalimu, unawafundishaje watoto mahali pale?

---

msomaji_wa_usiku · saa 1:50 asubuhi

Muzee, baba yako alikuwa upande mmoja na Jean-Jacques Rousseau. Mwaka 1758, katika barua yake kwa d'Alembert juu ya michezo ya jukwaani, alilishika jibu hilohilo la mwana. Alisema ubahili na riba ni maovu makubwa, lakini je, si ovu kubwa zaidi mwana kumwibia baba, kumkosea heshima, na kulaaniwa akajibu kwa dhihaka kwamba hahitaji zawadi zake? Akaiita shule ya tabia mbaya tamthilia inayotufanya tumpende mwana kama huyo.

Kwa hiyo mwanafunzi wa Kamalondo anayeshtuka asiambiwe kwamba ni «desturi za kijijini». Ameshtuka pamoja na mwanafalsafa.

---

MamaFuraha_Goma · saa 3:20 asubuhi

Shikamoo mzee. Kwa heshima yako nitapinga kidogo, na nampinga pia huyo Rousseau.

Nimelea watoto wanne na watatu wa marehemu dada yangu. Laana inakuwa na uzito kwa sababu mzazi ametoa kitu kwanza. Huyu ametoa nini? Mama yao amekufa, urithi wa mama ameukalia, mwana hana nguo za kuvaa bila deni. Halafu kwa hila anamtega mwana, anajifanya amebadili nia ili kijana aungame kwamba anampenda Mariane, na akishaungama anaitisha fimbo. Miaka yake imetimia sitini na anataka msichana wa mwanawe. Mwana hakurudisha laana. Alisema tu ukweli wa hesabu: hiyo ndiyo zawadi ya kwanza unayonipa.

Mimi ningewauliza wanafunzi, nani wa kwanza kuvunja heshima katika nyumba hii, na kwa mstari gani. Wabishane. Wangu wa wa sita tulibishana naye mpaka sombe (kisamvu) ikaungua.

---

MzeeReli · saa 3:41 asubuhi

Marahaba mama. Umesema vizuri, ila kijana angenyamaza.

---

Kampemba_vraivrai · saa 6:05 mchana

Samahani, lakini kwa nini tunajitesa na mzee wa Paris wa 1668? Tunaye mwandishi wetu Paul Lomami Tchibamba, na kitabu chake Ngando, 1948. Mtoto anatoroka shule, mamba wa ndoki (mchawi) anamchukua, baba yake anakwenda kumtafuta. Hapo hakuna wa kukosea nani anamlipa nani.

---

MwalimuKatuba · saa 7:30 mchana

@Kampemba_vraivrai Ngando nawasomesha pia, pale programu inaponiachia nafasi. Na raha yake ni kwamba mambo yanageuka: Mparisi akisoma Ngando, yeye ndiye atakayehitaji tanbihi ya ukurasa mzima juu ya ndoki, na ataandika kopi ya kuchekesha kuliko za hawa 23. Lakini kwenye dissertation (insha) ya Examen d'État, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, hakuna ajuaye swali litatoka wapi. Siwezi kuwanyima Molière kwa sababu tu ni mzee wa Paris.

Nimepata dawa yangu, nimeijaribu leo asubuhi wa tano B. Nimefuta swali la tabia. Nimeandika ubaoni: «Katika kila onyesho, nani anatoa, nani anapokea, kiasi gani?» Nikawapa onyesho la Frosine, yule mama mpatanishi wa ndoa. Harpagon anauliza Mariane ataleta nini. Frosine anasema ataleta 12,000 kwa mwaka. Vipi? Hachezi kamari, hesabu 5,000. Hapendi nguo na vito vya bei, hesabu 4,000. Hali sana, ni saladi, maziwa na jibini, hesabu 3,000. Jumla 12,000 kamili!

Darasa lilipasuka. Kijana wa nyuma akasema: Prof, hii ni mahari ya hewa. Na Harpagon, sifa yake hiyo, haikubali hewa. Anajibu kwamba hawezi kutoa risiti ya kitu ambacho hakupokea.

Sikueleza chochote. Msichana mmoja wa wale 23 akainua mkono akiwa amekasirika kweli: «Kumbe huyu dot anaitaka akiwa bwana harusi, na anaikataa akiwa baba!» Nikakaa chini kwenye kiti changu. Hiyo ndiyo dhamira, ameifikia mwenyewe kwa njia ya hesabu. Mimi ningeandika «pesa inatawala hisia za kifamilia», wangenakili, tungeenda nyumbani.

Kopi za kwanza nimezirudisha bila pwenti. Wataandika upya Jumamosi.

---

BukavuZiwani · saa 7:52 mchana

Huyo msichana mpe chaki, wewe uingie biashara. Swali moja tu: mwisho unaufundishaje? Wengi huandika kwamba Harpagon anatubu. Vitabu vya rezime navyo vinakazia «mwisho mwema».

---

MwalimuKatuba · saa 8:15 mchana

Hatubu hata nukta. Molière alichukua wazo kwa Mrumi, Plautus, aliyeandika juu ya mzee mwenye chungu cha dhahabu, na kwa Plautus mzee mwishoni anamwachia mkwe chungu akapumzika na hofu. Molière hakutaka. Anselme anagunduliwa kuwa baba wa Mariane na wa Valère, mpenzi wa Élise, na Harpagon anakubali ndoa zote mbili, ya Élise na Valère na ya Cléante na Mariane, kwa masharti: arudishiwe kasanduku, asitoe senti, Anselme alipie harusi zote, tena amshonee nguo mpya ya kwenda nayo. Watu wote wanaondoka kwa furaha kwenda kumwona mama wa Mariane na Valère. Yeye anakwenda kukaona kasanduku kake. Ndiyo maneno ya mwisho ya tamthilia.

---

wa_tano_B · saa 10:30 jioni

Prof, tumefanya ile hesabu yako mu kikundi, tendo lote la tano. Kuna kitu hatuelewi. Komisaa ya polisi ameandika karatasi zote za uchunguzi wa wizi, anadai malipo yake. Harpagon anamwambia kwa malipo chukua Maître Jacques umunyonge. Ni kweli imeandikwa vile?

---

MwalimuKatuba · saa 10:41 jioni

Ni kweli. Na Maître Jacques anajibu nini?

---

wa_tano_B · saa 10:55 jioni

Anasema nikisema ukweli bananipiga fimbo, nikisema uongo banataka kuninyonga.

Halafu Anselme njo analipa komisaa. Tumeandika: Anselme analipa harusi mbili, nguo, na komisaa. Harpagon zero. Lakini Frosine tumemutafuta, alikuwa na kesi yake ya mahakama, aliomba pesa kidogo tu, Harpagon akajifanya banamuita huko, akaenda. Mwisho kila mutu amepata kitu. Yeye nani alimulipa?

---

MzeeReli · saa 11:20 jioni

Hakuna, mwanangu. Nimecheza mchezo ule mara nne. Mama Frosine alikuwa anasimama kando yangu pale mwisho, sisi wawili hatukulipwa.